Mtu Baki wa Mbwelele

Nchi hii haipo. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, kosa ni la macho yake, na serikali ya nchi hiyo isiyokuwepo inayo ofisi maalumu ya kushughulikia macho ya namna hiyo.

Makao Makuu yake yalikwisha kuhamishwa mara tatu. Kila mkoa ulilalamika kwamba yako karibu mno na mkoa mwingine, basi Serikali, kwa kupenda haki, ikayapeleka mahali palipo mbali na watu wote kwa usawa. Barabara ya kwenda huko haikuwepo. Ya kutoka huko ilikuwepo, na kwa njia hiyo nyaraka zilifika Mbwelele kila mwezi bila kukosa. Mbwelele ni mji wa milimani, wa ukungu na viazi. Mwaka mmoja ulikuja waraka wa kuwaagiza wananchi wapande mikarafuu, na mwaka uliofuata ukaja wa kuwapongeza kwa mavuno.

Aliyezipokea nyaraka hizo, akazijibu na kuzifungia kabatini, alikuwa Kondo Mtunguja, Katibu wa mji kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, aliyefiwa na mke zamani, anayeishi na mama yake, Bi Siwatu, ajuza wa miaka themanini na kitu ambaye bado alimwuliza mbele za watu kama amekula. Kondo alikuwa amechoka. Hakuwa mgonjwa, ulikuwa uchovu wa mtu aliyeandika "kikao kilifunguliwa kwa wakati" mara elfu moja, na hakuna hata kimoja kilichofunguliwa kwa wakati.

Kilichoanzisha mambo yote ni hofu. Wambwelele walikuwa elfu kumi na moja. Wakuja walikuwa thelathini na wanne. Hao Wakuja walifika miaka ishirini na miwili iliyopita, Serikali ilipolijaza maji bonde lao ili kupata bwawa la umeme, na umeme wenyewe ukapelekwa Makao Makuu. Mmoja wao alitengeneza baiskeli, mwingine alifundisha hesabu, mama mmoja alikaanga viazi pale stendi, na waliobaki walifanya yale wanayofanya watu popote. Elfu kumi na moja waliwaogopa kwelikweli.

Tusiwacheke haraka. Mambo yalikuwa yanabadilika, na hilo hakuna aliyelizua. Vijana walihama na hawakurudi ila kwa mazishi, tena wakichungulia saa. Ngoma ya mavuno ilikuwa imebaki na wachezaji sita, wanne kati yao wana magoti mabovu. Mtu aliyezoea dunia kumjua kwa jina alijikuta anaulizwa kitambulisho dukani kwa shemeji yake. Maumivu ya namna hiyo hutafuta pa kushika, na Wakuja walikuwa karibu.

Mwenyekiti wa mji, Mheshimiwa Pazi Tindwa, aliitisha mkutano chini ya paa la ghala la viazi.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi ni wengi. Na mtu aliye mwingi ana mengi ya kupoteza. Leo hii sisi ni asilimia tisini na tisa nukta saba. Sasa jiulizeni, ile nukta tatu imekwenda wapi?"

Kila mmoja akaitafuta ile nukta tatu moyoni.

Mama mmoja akasimama. "Mimi mwanangu hanisalimii siku hizi. Anapita tu na vile vidude masikioni."

"Umesikia, Katibu?" Mwenyekiti akauliza. "Andika. Wakuja."

Kondo akaandika. Akaandika pia kwamba mvua za vuli zimechelewa, kwamba mabinti wanataka kuchagua wenyewe, na kwamba mkate siku hizi una matundu. Halafu mzee mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa ameombwa, akasema kwamba anayewamaliza si fundi baiskeli. Wanaowamaliza ni wale wa Makao Makuu, waliochukua zahanati kwa ajili ya ukarabati na hawajairudisha, na ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Mbwelele ila kwenye ramani. Hapo mkutano ulipiga makofi marefu kuliko yote. Ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba Makao Makuu ni watu wa kuogopwa, wasiojua lolote, na kwamba waandikiwe barua kuombwa waje kuwalinda wananchi.

Barua aliiandika Kondo. Na Kondo naye aliogopa; sina sababu ya kumsafisha. Juma moja kabla ya mkutano alikuwa amezungumza kwa simu na mjukuu wake anayeishi ng'ambo, na mtoto akageuka kumwuliza mama yake, kwa lugha ambayo Kondo aliielewa nusu, huyu babu anayelia ni wa nani. Kwa hiyo aliiandika barua ile kwa moyo, ikatoka nzuri. Mwishoni akaambatisha majina thelathini na manne. La kwanza lilikuwa la Ligola, fundi baiskeli, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Aliliweka la kwanza kwa sababu ndilo lililomjia upesi.

Majibu yalikuja baada ya miezi kumi na minne, yakiwa yamebebwa na Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Wengi, ambaye alishuka garini akauliza kama hapa ndipo penye mikarafuu.

"Serikali imesikia kilio chenu," aliwaambia. "Lakini Serikali ni mtu wa utaratibu. Haiwezi kuwalinda wengi ambao hawajathibitishwa kuwa kitu kimoja. Watu elfu kumi na moja mmojammoja, hao ni wachache elfu kumi na moja. Kuanzia leo, kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa, Wambwelele wote ni ukoo mmoja wa damu usiogawanyika. Baba mmoja, mama mmoja. Majina ya wazazi hao mtaletewa."

Watu walishangilia hadi ukungu ukatikisika. Walikuwa hawajawahi kupewa kitu na Serikali kikafika kizima. Likafunguliwa Daftari la Ukoo, Kondo akalipiga mistari kwa rula, kila Mmbwelele akaja kuweka dole gumba na kutoka akiwa ndugu wa damu wa kila aliyempisha mlangoni.

Tatizo la kwanza lilikuja Jumamosi ya juma lile lile, kwa kuwa kulikuwa na harusi tatu. Baada ya mashauriano, Idara ilitoa ufafanuzi kwamba waliokwisha kuoana wanasamehewa, ila wasirudie. Wachumba walirudishiana mahari. Mwenyekiti Tindwa aliwafariji kwamba hiyo ni bei ndogo ya kuzuia ukoo usipungue.

Wakuja, kwa kuwa hawakuwa wa ukoo, walipangiwa Eneo la Watu Baki, ng'ambo ya Mto Kihuru, nao wakakatazwa kuvuka bila kibali cha Makao Makuu. Kwenye ramani ya Idara, Kihuru ni mto mkubwa, kwa sababu aliyechora alitumia kalamu nene. Kwa hakika ni kijito ambacho mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo. Kwa hiyo Wakuja walihamishiwa mbali kabisa, hatua mia mbili kutoka sokoni, wakawa wanaonekana wazi kila siku wakianika nguo.

Asubuhi ya kuondoka, Ligola alimrudishia Kondo baiskeli yake ikiwa na breki mpya. Kondo naye alitafuta la kusema, akaishia kuibonyeza breki mara mbili na kusema kwamba inashika vizuri.

Bi Siwatu alikuwa amekaa mlangoni akiyatazama yote hayo.

"Kondo," alisema, "Ligola akishakwenda, nani atanichimbia mimi?"

"Mama, mambo gani hayo asubuhi yote hii."

"Nimekuuliza neno."

Kondo alikuwa ndiyo kwanza analifikiria. Huko Mbwelele, tangu zamani, ndugu hachimbi kaburi la ndugu yake. Ndugu hulia, huosha, hubeba, hupika. Lakini jembe hushikwa na mtu baki, jirani asiye na damu na marehemu. Anayemchimbia wa kwao huhesabiwa kuwa amemsukuma mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hapewi hata maji ya kunawa. Kwa vizazi hapakuwa na shida, kwani mji ulikuwa na koo arobaini, na kila ukoo uliochimbiwa leo ulichimbia wengine kesho. Hizo koo arobaini ndizo Kondo alizozifanya moja kwa rula yake.

Wa kwanza kufa alikuwa mzee yule wa nyuma, aliyesema neno mkutanoni. Wanaume walikusanyika makaburini na majembe yao, wakasimama. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Mmoja akajaribu kusema kwamba jamani, mimi na marehemu tulikuwa tunajuana tu, Waraka ni karatasi. Mwenyekiti akamkata kauli hapo hapo.

"Unaukana ukoo? Tumehangaika miezi kumi na minne kuupata, halafu wewe unaukana kwa ajili ya shimo moja?"

Jioni ilipokaribia, na hakuna aliyepiga jembe, walimbeba mzee wakavuka naye kijito. Waraka ulikataza Wakuja kuvuka kuja huku. Haukukataza maiti kwenda kule. Ligola na wenzake wakachimba bila kuuliza. Ikawa ndiyo desturi mpya. Mwezi huo walivushwa wanne, mwezi uliofuata saba, maana baridi ilikuwa kali na zahanati ilikuwa bado inakarabatiwa. Makao Makuu yaliombwa yalete mchimbaji wa Serikali. Yakaleta mtaalamu, ambaye alipima udongo kwa siku tatu, akasema unachimbika, akaondoka.

Kabla mwaka haujaisha, Kondo alipokwenda ng'ambo kuwahesabu Wakuja, kama alivyoagizwa kila mwezi, alikuta makaburi ya Wambwelele ni sitini na mawili na Wakuja ni thelathini na watano, mmoja akiwa amezaliwa. Katika Eneo la Watu Baki, Wambwelele walikuwa wengi. Aliandika hivyo katika taarifa, na Idara ikajibu kwa kuwapongeza.

Bi Siwatu alianza kudhoofika wakati wa kuvuna viazi. Hakulalamika juu ya mwili. Alichokuwa akikirudia ni kimoja tu.

"Mimi msinivushe. Baba yako yuko hapa nyuma ya ghala, na nilimwambia nitamfuata pale pale. Miaka thelathini ananingoja. Nikipelekwa ng'ambo atadhani nimeolewa."

"Mama, utaratibu..."

"Utaratibu uliuandika wewe, mwanangu. Mwandiko wako mzuri tangu shule."

Kondo aliomba kibali cha mtu mmoja, Ligola, kuvuka kwa siku moja. Ombi lilipokelewa, akatumiwa namba ya kumbukumbu, akaelezwa asubiri miezi kumi na minne. Bi Siwatu alisubiri kumi na mmoja. Hakuwa mtu wa kuchelewesha, lakini zile wiki kumi na kitu zilizobaki hakuziweza.

Alifariki alfajiri ya Sikukuu ya Wengi, siku ambayo Wambwelele wote walitakiwa kiwanjani na bendera ndogo ili kusikiliza hotuba kutoka Makao Makuu kwa kipaza sauti. Majina yaliitwa, asiyefika aliandikwa. Waliosamehewa ni mwana wa marehemu na ajuza watatu wa kuosha. Mwenyekiti alipita kutoa pole, akaweka mkono begani mwa Kondo, akasema kwamba hotuba ikiisha saa nane watakuja wote kumvusha mama.

Kondo alitoka nyuma ya nyumba akaenda hadi kijitoni. Hakujua anakwenda kusema nini. Ligola alikuwa amesimama upande wa pili, suruali amekunja, jembe na sururu begani. Kilio cha wale ajuza kilisikika hadi kule. Hatua mia mbili si kitu.

"Pole na msiba, Katibu."

"Nimeshapoa," Kondo akasema. "Sina kibali cha kukupa."

"Sikukuomba," Ligola akasema, akavuka.

Makaburini hapakuwa na mtu. Hotuba ilisikika kutoka kiwanjani kipande kipande, umoja, mshikamano, chimbuko letu, na baina ya maneno hayo sururu ikilia kwenye mawe. Kondo alinyoosha mkono kulishika jembe, asaidie japo kuondoa udongo. Ligola akalivuta.

"Wewe ni mwanawe. Kaa kando."

Akakaa kando. Haya ilimjaa, kwa sababu mtu aliyefukuzwa alikuwa anaitunza mila ya waliomfukuza kuliko wao wenyewe.

"Ile orodha niliiandika mimi," akasema hatimaye.

"Najua. Mwandiko wako nimeusoma miaka yote kwenye matangazo ya maji."

"Jina lako nililiweka la kwanza."

"Hilo nalo niliona." Ligola aliendelea kuchimba kwa muda. "Sikuja kwa ajili yako, Katibu. Sisi tulishushwa hapa kwenye lori, usiku na mchana njiani, na watu walitusimamia wakitutazama. Mama yako alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kama nimekula."

Alimaliza saa saba, akainyoosha pembe ya mwisho kwa ncha ya jembe kama alivyozoea, akavuka kijito na kurudi kwake bila kugeuka.

Saa nane wakaja, elfu kwa maelfu, na bendera zao. Wakalikuta kaburi limeshachimbwa ubavuni mwa kaburi la mzee Mtunguja. Minong'ono ikaanza mbele ikaenda nyuma. Mwenyekiti Tindwa akauliza, kwa sauti ya kiwanjani ambayo alikuwa hajaivua:

"Nani kachimba?"

Mkuja aliyevuka bila kibali adhabu yake ilikuwa miaka saba gerezani, na shimo alilochimba hufukiwa. Kondo alilijua hilo. Kifungu chenyewe alikinakili yeye.

"Mimi," akasema. "Nimemchimbia mama yangu mwenyewe."

Mwenyekiti aliitazama mikono ya Katibu, mikono ya kalamu, isiyo na hata lengelenge moja. Akalitazama kaburi, na zile pembe zilizonyooka ambazo hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kuzinyoosha hivyo isipokuwa mmoja. Watu wote walitazama alichotazama. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alimwona mwenzake anajua. Lakini ukweli ulitaka shimo lifukiwe, mtu afungwe, na ajuza avushwe jua likiwa linazama; uongo haukutaka kitu ila Kondo.

"Mmesikia wenyewe," Mwenyekiti akasema. "Kachimba mwenyewe."

Bi Siwatu akazikwa pale alipotaka. Baada ya mazishi bakuli la maji lilizungushwa, na lilipofika kwa Kondo likampita. Kesho yake alifutwa katika Daftari la Ukoo kwa wino mwekundu. Hakuvushwa ng'ambo, kwa sababu amri ya kumvusha ilipaswa kutoka Makao Makuu, na ilikuwa bado miezi. Akabaki nyumbani kwake. Watu aliowaandikia vyeti vya kuzaliwa walipishana naye njiani kama mtu anavyoipisha nguzo. Iliuma, hasa asubuhi, alipokuwa ameandaa vikombe viwili kwa mazoea. Lakini alikula, na hakuandika kikao chochote.

Ilikuwa wiki ya tatu, asubuhi yenye ukungu, mtu alipopiga hodi. Alikuwa Mwenyekiti Tindwa. Hakuwa na kofia yake ya mkutano, na bila kofia alikuwa mtu mfupi tu aliyezeeka.

"Karibu," Kondo akasema.

Mwenyekiti hakuingia. "Chausiku katutoka alfajiri."

Bi Chausiku alikuwa mke wake wa miaka arobaini. Kondo alimfahamu, alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa.

"Pole sana, Mwenyekiti."

"Nimeshapoa." Akatazama chini. "Kuvushwa alikataa. Jana mchana bado alikuwa na kauli, akaniapisha. Anataka hapa hapa, penye makaburi ya wale watoto wetu wawili. Sasa nimekesha na lile Daftari, Kondo. Ukurasa kwa ukurasa. Wote ni ndugu zetu. Wewe peke yako ndiye..." Akatafuta neno la heshima, akalikosa. "Wewe ndiye mtu baki tuliye naye."

Kondo alimtazama mlangoni pale. Mwenyekiti alijua kwamba Kondo hajawahi kuchimba kaburi maishani mwake, na Kondo alijua kwamba anajua. Angeweza kumwambia asubiri miezi kumi na minne. Alikuwa na haki ya kulisema, na tena kwa sauti. Alijitafutia hasira ndani akakuta uchovu, na huzuni ya yule mwanamke.

Akakaa kwenye kiti, akaanza kuvaa viatu.

"Alikuwa mrefu kiasi gani?" akauliza.

Mwenyekiti alinyanyua mkono, akaupima chini kidogo ya bega lake mwenyewe.

"Alikuwa akinifika hapa," akasema, na mkono wake ukabaki pale hewani, hakukumbuka kuushusha.